Risiva ya ziada nyumbani kwa mwalimu, Pasua: kazi iliyopatikana haikuhitaji dishi

Nyumba yenyewe iko Pasua, Moshi. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, anaishi na mkewe, mama yake mzazi ambaye mtaa mzima unamwita bibi, na wajukuu wawili wanaosoma. Sebuleni kuna TV ya flati na king'amuzi cha kulipia, kinachopata mawimbi kwenye dishi lililofungwa ukutani upande wa magharibi. Chumbani kwa bibi kuna TV ya chogo ya inchi 21, nzima, rangi zake bado kali, lakini haina cha kuonyesha. Na juu ya kabati la vyombo kulikuwa na risiva ya dishi ya chaneli za bure, isiyo na kadi, iliyonunuliwa kabla familia haijaingia kwenye mambo ya vifurushi.

Mwalimu aliniita kwa sababu ya hiyo risiva. Hakutaka kuiuza. "Fundi, hiki kitu ni kizima," alisema. "Mtu akiniambia nikitoe kwa bei ya chuma chakavu naona ananitukana. Kitafutie kazi humu humu ndani."

Ombi la namna hii si geni mjini hapa wala Arusha. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, na zamu yetu ikafika 2013, kila nyumba yenye TV ilihitaji king'amuzi. Wengine walinunua cha antena, baadaye wakahamia cha dishi, kisha wakabadilisha kampuni. Kila ukihama kampuni, kifaa cha mwanzo kinabaki. Ndiyo maana makabati yetu yamejaa vidude vyeusi vyenye taa ndogo, vyote vizima, vyote havina kazi.

Kabla sijamwahidi chochote niliigeuza risiva nione nyuma. Kwenye kazi hii nyuma ya kifaa kunasema ukweli kuliko boksi lake. Kulikuwa na tundu la kuingiza waya wa dishi na lingine la kuutoa, tundu la HDMI, tundu dogo la duara la AV, yaani la kutoa picha na sauti kwa TV za zamani, kama la spika za masikioni, na tundu la adapta lililoandikwa voti 12. Mbele kulikuwa na tundu la USB. Adapta yake imeandikwa voti 12, ampea 1.5, maana yake hata ikifanya kazi kwa nguvu zake zote haivuki wati 18. Halikuwepo tundu la antena ya kawaida, na hapo wazo la mjukuu mkubwa likafa papo hapo. Yeye alitaka tununue antena ya juu ya bati ili bibi aone chaneli za bure za hewani. Mawimbi ya antena na ya dishi yanabebwa kwa mifumo miwili tofauti, na risiva ya dishi haisomi ya antena hata ukiunganisha waya kwa ustadi wa namna gani.

Mwalimu naye alikuwa na lake kichwani tangu mwanzo: waya wa dishi ukatwe, iwekwe splita, upande mmoja uende sebuleni na mwingine chumbani kwa bibi. Splita alikuwa nayo tayari mfukoni.

Wazo hili ndilo kila mtu huanza nalo, na kwa mbali linaonekana halina kasoro, kwa sababu maji ya bomba tunayagawa hivyo hivyo. Kasoro iko kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. LNB si bomba. Inapokea mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 kutoka satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, inayashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150 ili waya uweze kuyabeba, kisha inayapeleka ndani. Ila haiwezi kupeleka yote kwa wakati mmoja. Chaneli za satelaiti zimepangwa katika mafungu manne: mawimbi yaliyosimama na yaliyolala, na kila kundi lina nusu ya chini na nusu ya juu. LNB ya tundu moja hutoa fungu moja tu, lile inaloamriwa. Anayeiamuru ni risiva, kupitia waya ule ule: ikipeleka voti 13 LNB inatoa yaliyosimama, ikipeleka voti 18 inatoa yaliyolala, na ikiongeza mlio mdogo wa kilohezi 22, usiosikika kwa sikio, LNB inaruka kwenda nusu ya juu.

Sasa weka amri mbili kwenye waya mmoja. Tuliijaribu splita ili mwalimu aone mwenyewe, maana mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote hakubali kitu kwa maneno. Mjukuu aliwasha sebuleni, tukawasha chumbani kwa bibi. Picha ilikuja kote. Mjukuu alipohamia chaneli iliyo kwenye mawimbi yaliyolala, chumbani skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Akarudi alikokuwa, chumbani picha ikarudi. Splita ya aina ile inapitisha umeme wa pande zote mbili, na penye voti 13 na voti 18 kinachofika kwenye LNB ni 18. Kwa hiyo anayedai voti 18 anashinda daima, awe mtoto wa darasa la nne au bibi wa miaka themanini. Siku mjukuu akiangalia katuni na bibi akataka chaneli iliyo fungu jingine, ni ugomvi, na hakuna atakayejua kwamba wanaogombana ni voti.

Dawa yake ipo na ni ya kawaida: LNB ya matundu mawili, ambayo ndani ni kama LNB mbili katika mwili mmoja, kila tundu likitii risiva yake, na waya wa pili kutoka dishini hadi chumbani. Mwalimu alikuwa tayari kuinunua. Nilimzuia kwa sababu nyingine kabisa, iliyokuwa imejionyesha kwenye skrini ya bibi wakati wa jaribio. Risiva ilipotafuta chaneli kwenye dishi lile ilileta orodha ndefu ya kumfurahisha mtu yeyote. Pembeni ya majina mengi kulikuwa na alama ya dola. Alama hiyo, kwenye risiva za bure, ina maana kwamba chaneli imefungwa kwa msimbo, na bila kadi ya kampuni utaona jina lake na kioo cheusi, basi. Zilizobaki wazi zilikuwa chache, na hakuna ambayo bibi angekaa mbele yake kwa dakika tano. LNB mpya na waya mpya vingempa bibi mawimbi safi ya vitu asivyovitaka.

Hapo hapo mjukuu mkubwa aliuliza kama kuna "kusheya", yaani kufungua chaneli za kulipia kwa kuunganisha risiva na intaneti na kununua misimbo kwa watu. Ipo, ni wizi, na mimi siifanyi. Mwalimu alimkata jicho mjukuu, hatukuendelea nayo.

Kama shida ingekuwa kumwezesha bibi aone kile kinachoonekana sebuleni, risiva ya ziada isingehitajika hata kidogo. King'amuzi cha sebuleni kina AV na HDMI. Unatumia HDMI kwa TV ya flati, unavuta waya wa AV kupitia darini hadi kwenye TV ya chogo, na vyumba vyote viwili vinaona chaneli moja kwa kifurushi kimoja. Bibi alipoulizwa alisema hataki. "Mwanangu," aliniambia, "hao watoto wanaangalia watu wanaopigana. Mimi nikae nao kwa lipi?"

Swali hilo la bibi ndilo lililogeuza kazi. Tulikuwa tumeushikilia uwezo wa kifaa, kwamba hii ni risiva ya dishi kwa hiyo lazima inase dishi, bila kuuliza aliyeko chumbani amekosa nini. Alichokosa bibi kilikuwa kwenye droo ya kitanda chake: diski za DVD za harusi za watoto wake, za kipaimara cha wajukuu, za jubilei ya kwaya yake usharikani na za mazishi ya mumewe. Deki iliyokuwa ikizicheza ilikufa siku nyingi. Kwenye simu ya mama wa nyumba kulikuwa na nyimbo za kwaya na video za ndugu walioko mbali, ambazo bibi aliziona mara moja kwa kupewa simu, akairudisha. TV ya chogo haina tundu la USB. Risiva inalo.

Kwa hiyo risiva ilihamia chumbani kwa bibi bila waya wowote wa dishi. Kwa karatasi ni kazi ya dakika chache, na ningependa kuishia hapo. Ila TV ya chogo na risiva ya kizazi cha HDMI hawajuani, lazima uwatambulishe.

La kwanza lilikuwa picha. TV iliwaka, ikatoa picha nyeusi na nyeupe inayoporomoka kutoka juu kwenda chini. Wengi wakiona hivyo husema chogo kimekufa. Kumbe risiva ilikuwa imepangwa kutoa picha za 1080p kwa hezi 60, na ikiwa hivyo risiva nyingi hutoa kwenye AV mfumo wa NTSC, wa Kimarekani, wakati TV zetu za zamani zilitengenezwa kwa PAL, mistari 576 kwa hezi 50. Tuliichomeka risiva kwenye TV ya sebuleni kwa HDMI, tukaingia kwenye mipangilio ya picha, tukaweka PAL na 576i. Kurudi chumbani, picha ikatulia.

La pili lilikuwa waya. Tundu la AV la duara linatumia waya wenye kichwa cha milimita 3.5 chenye pete, unaotoka na vichwa vitatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Waya hizi zinafanana kwa macho ila mpangilio wa pete haufanani. Waya wa mwalimu ulitoka kwenye kamera ya zamani, ukatoa muungurumo mahali pa picha. Kabla hujanunua mwingine, chomeka kichwa chekundu mahali pa cha njano ujaribu. Kwetu ilikubali, na kwa sababu TV ya bibi ina spika moja tu, kichwa kilichobaki cha sauti kilitosha.

La tatu ndilo lililotuchukua jioni: mafaili yenyewe. Flashi mpya ya gigabaiti 32 iliandaliwa kwa FAT32, mfumo ambao risiva za zamani zinausoma bila shida, na FAT32 haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4. Diski za harusi hazikuleta taabu ya ukubwa kwa sababu DVD huigawa filamu vipande vya chini ya gigabaiti moja. Na kuna jambo ambalo huwa linanifurahisha: picha ya DVD imekandamizwa kwa MPEG-2, na MPEG-2 ndiyo lugha ambayo televisheni ya kidijitali ya kawaida iliianza nayo. Risiva ya dishi imezaliwa inaijua. Tulinakili vipande kutoka kwenye diski kwa kompyuta ya mjukuu, tukabadilisha mkia wa jina la faili kutoka VOB kuwa MPG, na harusi ya mwaka mmoja wa zamani sana ikaanza kucheza na maharusi wake wembamba.

Video za simu zilikuja na ukorofi wa aina yake. Zilizokandamizwa kwa H.264 zilionekana vizuri lakini baadhi zilikuwa bubu, kwa sababu sauti yake imekandamizwa kwa AAC na risiva nyingi za bei ya chini hazikuwekewa uwezo wa kuifungua. Mjukuu alizipitisha kwenye programu ya kompyuta, picha akaiacha ilivyo, sauti akaigeuza MP3. Moja iliyorekodiwa kwa simu mpya ilikuwa ya H.265, mkandamizo mpya zaidi, na hiyo risiva haikuigusa kabisa, hata jina lake halikuonekana. Ilibidi ikandamizwe upya yote. Nasema haya kwa kirefu kwa kuwa hapa ndipo watu hukata tamaa wakasema "hii risiva inachagua", wakati inachofanya ni kusoma kile ilichofundishwa na aliyeitengeneza mwaka ule.

Kisha rimoti. Risiva isiyo na dishi ikiwashwa inaanza kwa kulalamika kuwa hakuna mawimbi, na mtu mzima hawezi kila siku kupita menyu tatu kufikia flashi. Rimoti hii ina kitufe cha USB cha moja kwa moja, kiko chini kabisa, kidogo kama punje ya mtama. Mjukuu wa kike alichukua rangi ya kucha akapaka vitufe vitatu: nyekundu kwa kuwasha, nyekundu tena kwa USB, ya waridi kwa OK. Mafaili tuliyaanzia namba, 01, 02, 03, kwa sababu risiva inayapanga kwa jina. Jubilei ya kwaya ikawekwa 01. Bibi alijaribu mbele yetu: washa, USB, OK. Wimbo ulipoanza akasema, "Huyu wa pili kushoto ni mimi," na akatufukuza kwa adabu ili asikie.

Kwa upande wa LUKU mwalimu alikuwa na wasiwasi wake. Risiva ikikaa saa tano kwa siku, kwa wati 18 ambazo haizifikii, ni chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Mlaji mkubwa ni chogo chenyewe. Nilichosisitiza ni kuchomoa vyote viwili ukutani umeme unapokatika, kwa sababu unaporudi ndipo unapoua adapta. Na kwa kuwa hakuna waya wa dishi uliofika chumbani, radi za masika hazina njia ya kuifuata risiva kutokea juu ya ukuta. Cha sebuleni bado kinahitaji kuchomolewa waya pia.

Matumizi mengine tuliyapita haraka. Kuifanya ipigie sabufa muziki inawezekana, ila sabufa ya sebuleni ina USB yake. Kuifungua kwa ajili ya vipuri haina maana, kwani kinachofaa ndani yake kwa mtu wa nyumbani ni kama hakuna, na kwa risiva zenye umeme ndani, zisizo na adapta ya nje, kuna kapasita zinazoweza kubaki na voti zaidi ya 300 baada ya kuchomolewa. Mtoto asipewe bisibisi. Niongeze pia kwamba kisa hiki kingekwenda vingine kama kilicho kabatini kingekuwa king'amuzi cha kampuni. Vingi vya hivyo vimefungwa, menyu haifunguki bila kadi iliyo hai, na USB yake mara nyingi haichezi faili la mtu. Cha namna hiyo ukimpa ndugu, nenda naye kwa wakala mhamishe usajili, vinginevyo kadi inabaki kwa jina lako.

Kazi ya pili ilipatikana kwa bahati, mwalimu aliponisimulia habari za Desemba. Wakati huo familia yote hupanda Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na king'amuzi cha sebuleni hupanda nao. Kule kuna dishi juu ya nguzo, na kila mwaka hukutwa limesogea, ama kwa upepo ama kwa watoto wanaoning'inia. Dishi lao linatafuta satelaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki. Ukiwa Moshi, ambayo kwenye ramani iko mashariki zaidi ya hapo, hiyo iko magharibi karibu kabisa, kwenda upande wa Boma Ng'ombe, kwa mwinuko wa kama nyuzi 54. Mlima hauzibi kitu, uko kaskazini. Kinachoziba ni miti ya migrevilea ya jirani, ambayo kila mwaka inaongezeka kimo. Wenye madishi ya nyuzi 36 mashariki hawana shida hiyo, maana kutoka hapa satelaiti ile iko karibu utosini, na hakuna mti unaokua hadi huko.

Kulenga dishi ni kazi ya watu wawili, mmoja nguzoni na mwingine ndani anapiga kelele "rudi, rudi, imepotea". Risiva ya bibi inaondoa kelele. Inakunywa voti 12, kwa hiyo inaweza kukaa chini ya nguzo ikiendeshwa na betri ya pikipiki, injini ikiwa imezimwa, kwa sababu injini ikiwaka chaji hupanda hadi voti 14 na zaidi. Inahitaji TV ndogo pembeni, na kwenye menyu yake ya kufunga dishi ina mstari wa nguvu na mstari wa ubora. Wengi hutazama wa nguvu. Wa kutazama ni wa ubora, kwani nguvu inapanda hata dishi likielekea satelaiti nyingine. Unasogeza dishi upana wa kidole, unasubiri, unasogeza tena. Ukipata ubora wa juu kabisa unakaza nati, unachomoa risiva, unachomeka king'amuzi cha kulipia.

Bibi amekubali kuiazimisha kwa masharti kwamba flashi ibaki kwake na risiva irudi mikononi mwake siku ile ile, kwani kule Kibosho anataka aiunganishe kwenye TV ya mdogo wake. Kilichobaki ni matawi ya mgrevilea. Mwalimu anasema atazungumza na jirani mwenyewe kabla ya Desemba, na LNB ya matundu mawili ameirudisha kwenye orodha ya vitu visivyonunuliwa.